Maswali yenu: Muziki unaotoka kwenye picha

Mwalimu, nataka Gredi ya 8 watunge muziki kutokana na mchoro. Nyekundu ni noti gani? Samawati je? (Mwalimu, Kayole)

Swali hili huja kila muhula, na kila muhula jibu ni lile lile: hakuna. Rimsky-Korsakov na Scriabin, watunzi wawili wa Urusi walioamini kila ufunguo wa muziki (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake) una rangi yake, hawakuafikiana. C kwa Rimsky-Korsakov ilikuwa nyeupe, kwa Scriabin nyekundu. Wewe umepata wapi chati ya kuwabebesha watoto? Mwanafunzi akishapewa chati haoni tena haja ya kuitazama picha.

Nianze na picha gani? (Mwalimu wa mazoezi, Githurai)

Anza na kiondo, na sifanyi mzaha. Kiweke mezani, wakisome kutoka kitakoni hadi mdomoni: tuseme zambarau pana, uzi mmoja mweupe, kahawia, uzi mweupe tena. Upana wa mstari uwe urefu wa sauti. Zambarau ichukuliwe na ngoma, kahawia na filimbi, na kila uzi mweupe uwe mtikiso wa kayamba, mmoja tu. Kisha wakisome kuanzia mdomoni kushuka. Watasikia wenyewe mpangilio unavyobadilisha kila kitu.

Wakizoea, walete kwenye mchoro wenye watu na miti. Usianze na "mnahisi nini?" Darasa zima litajibu "huzuni", na huzuni ikishatajwa kila mtu atapiga polepole mpaka kengele ilie. Uliza jicho lilitua wapi kwanza, likaelekea wapi, likakwama wapi. Hapo umepata mwanzo wa utunzi, njia yake na kituo chake. Wape dakika kumi za kutazama kimya, ala zikiwa zimefungiwa kabatini. Zikitoka mapema, somo limekwisha.

Binti yangu hajui kusoma noti. Nimnunulie kibodi? (Mzazi, Lang'ata)

Hapana, mama. Mnunulie daftari lisilo na mistari na penseli za rangi.

Mkuu wa shule anasema muziki usiosimama bila picha ukutani haujakamilika. Ni haki hiyo? (Mwalimu, Embakasi)

Leo niko upande wa mkuu wa shule. Mwaka 1874 Mussorgsky, mtunzi mwingine wa Urusi, alitunga muziki wa piano kutokana na picha za rafiki yake msanii Viktor Hartmann, aliyefariki mwaka uliotangulia. Nyingi ya picha hizo zimepotea, na muziki bado unapigwa. Sisi huku tunawasha projekta, mchoro unang'aa, wazazi wanapiga makofi; zima projekta uone kinachobaki.

Mussorgsky alifanya jambo jingine la kuiga. Kati ya picha na picha aliweka muziki wa mtu anayetembea ukumbini, mapigo matano kisha sita, kama anayesitasita. Waambie wanafunzi wako watunge huo wa kutembea kabla ya wa picha.

Kuna programu ya akili unde inayogeuza picha kuwa wimbo. Nitumie darasani? (Mwalimu, Rongai)

Nani atakuwa ametazama?

Tuwapeleke wapi Nairobi? (Mlezi wa klabu ya muziki, Kasarani)

Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, lina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa 1965, kiko Ridgeways. Lakini nendeni wachache, mkae mbele ya kazi mbili au tatu. Basi zima la wanafunzi wanaopita mbio wakipigwa picha ya pamoja mlangoni halijaenda kuona sanaa.

Tukitunga wimbo kutokana na mchoro wa msanii aliye hai, tunavunja sheria? (Mwanafunzi, South B)

Kutunga baada ya kutazama si kunakili. Kuuchapisha mchoro wenyewe kwenye bango la tamasha ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ombeni ruhusa kwa maandishi, jina lake liandikwe kamili. Akikubali, mwalikeni, na kiti chake kiwe mbele, si nyuma ya msafara wa mheshimiwa aliyekuja kukata keki.