Maswali ya Wasomaji: Programu Yangu Niipe Namba Gani?

Shikamoo dada. Ninatunza maktaba ndogo ya msimbo inayosoma tarehe na kuzipanga. Nilianza peke yangu, sasa timu tatu wanaitumia ndani ya programu zao. Bado iko toleo la 0.47, maana kila nikitaka kuiita 1.0 naona haijakamilika. Juzi nilibadilisha jina la fankisheni moja, yaani kipande cha msimbo ambacho programu zao hukiita kwa jina, kwa kuwa jina la zamani lilikuwa linapotosha, nikaitoa kama 0.47.1. Asubuhi yake timu mbili wakanijia juu: programu zao zimegoma kuwaka. Mmoja akasema namba yangu imewadanganya. Ni kweli? Na 1.0 inaandikwa lini?
*Mtunza Tarehe*

Marahaba, mdogo wangu. Huyo mwenzako amesema kweli. Hukukusudia, lakini namba yako imewaambia jambo ambalo halikuwapo. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu barua za namna hii zinanijia nyingi, na wengi wanaoniandikia huichukulia namba kama pambo la kubandika kazi ikishakwisha.

Mimi niko upande wa wanaopokea. Kazi yangu ni kuangalia maktaba zilizotolewa na watu wengine na kuamua ipi iingie leo kwenye mfumo wetu na ipi isubiri. Nikiona namba ya mwisho peke yake ndiyo iliyosogea, naipitisha. Ikisogea ya kwanza, nasimama, nafungua orodha ya mabadiliko na kuisoma mstari kwa mstari. Siwezi kusoma msimbo wote wa kila mtu, wala hakuna awezaye. Kwa hiyo mtu akiandika namba ovyo, ananinyima kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuamulia.

Utaratibu unaofuatwa na wengi uliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, na toleo lake la 2.0.0 lilitoka 2013. Namba ni tatu. Ya tatu hupanda ukiwa umerekebisha hitilafu tu. Ya kati hupanda ukiongeza kitu kipya huku vya zamani vyote vikifanya kazi kama jana. Hapo ya tatu hurudi sifuri. Ya kwanza hupanda pale ambapo mtu anayekutegemea atalazimika kubadilisha chochote upande wake.

Angalia kwamba jasho lako halimo katika hesabu hiyo. Unaweza kuandika upya nusu ya maktaba, ukakesha mwezi mzima, na kama anayeitumia haguswi kwa lolote, namba ya kwanza inabaki palepale. Na unaweza kubadilisha neno moja, kama ulivyofanya wewe, likakudai namba kubwa. Hapa ndipo wasanidi wengi wanapojikwaa, kwa kuwa kila mmoja wetu angependa namba iseme alivyohangaika. Namba haikuhusu wewe. Inamhusu yule atakayeamka asubuhi na kukuta programu yake imelala.

Utaniambia: lakini mimi niko kwenye sifuri, na utaratibu huohuo unasema chini ya 1.0.0 chochote kinaweza kubadilika wakati wowote. Ni kweli, umeandikwa hivyo. Ila tazama zana zinavyofanya. Mtumiaji wa npm, zana ya kuletea maktaba za JavaScript, akiandika kwamba anataka ^0.47.0, zana itamletea 0.47.1 ikitoka, na 0.47.2, lakini haitavuka kwenda 0.48.0. Cargo, zana ya wanaoandika kwa lugha ya Rust, nayo inafuata mkondo huo. Kwa matoleo yaliyo chini ya moja, namba ya kati ndiyo inayochukuliwa kuwa ukuta. Ungeiita 0.48.0, timu zilizopanga zana zao hivyo zisingeguswa mpaka zenyewe ziamue kuvuka. Tofauti ya tarakimu hiyo ingewaepusha asubuhi mbaya.

Sasa fanya hivi. Rudisha jina la zamani, lifanye kwa ndani liite lile jipya, na litoe onyo kila linapotumiwa kwamba litaondolewa. Toa hiyo kama 0.48.0 uwaambie. Jina la zamani utalifuta baadaye kabisa, katika toleo ambalo namba yake ya kwanza imepanda.

Kuhusu 1.0: imeshapita. Preston-Werner mwenyewe anasema kwamba kama programu yako inatumika kwenye kazi halisi, basi huenda ilipaswa kuwa 1.0.0 tayari. Wewe unasubiri ikamilike, na hakuna maktaba inayokamilika. Waliotengeneza React, maktaba ya kujengea kurasa za tovuti, waliliona hilo: walitoka 0.14 wakaruka hadi 15.0 mwaka 2016, kwa sababu watu walikuwa wanaitegemea muda mrefu na ile sifuri ilikuwa ikiwapa picha isiyo sahihi. Si lazima uruke hivyo. Baada ya 0.48.0, wape timu zako wiki chache, kisha andika 1.0.0, na kuanzia siku hiyo jione umefungwa na ulichoahidi.

Jambo moja la mazoea, ambalo nawaomba wote ninaofanya nao kazi: andikeni orodha ya mabadiliko kwanza, namba mwisho. Mtu akishaandika kwa mkono wake «jina la fankisheni limebadilika», hawezi tena kushusha macho mstari wa chini akaandika 0.47.1. Anaona mwenyewe.

Dada, programu yetu ya mahesabu iko 2.6. Mshindani wetu ametoa ya 5. Bosi anataka na sisi tuitangaze kama 5, ingawa tumeongeza ripoti mbili tu. Mimi napinga. Nimekosea?
*Wa 2.6*

Ndugu, hujakosea, lakini pia si lazima mgombane. Tenganisheni jina la kutangazia na namba ya ndani. Mfano uko wazi: Windows 7 ukiiuliza kwa ndani inajitaja 6.1, na Windows 11 bado namba yake inaanza na 10.0. Toleo la lugha ya programu Java lililotoka 2004 lilitangazwa kama la 5, na kwa ndani lilikuwa 1.5.0. Mpeni bosi jina lake la kuweka kwenye bango, nyinyi mbaki na 2.7.0 mahali ambapo mashine na wasanidi wanasoma.

Na kama lazima namba yenyewe iruke, semeni ukweli kuhusu sababu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoipeleka kernel yake, yaani kiini cha mfumo, kutoka 2.6.39 hadi 3.0 mwezi Julai 2011, alitangaza waziwazi kwamba hakuna mabadiliko makubwa ndani yake, isipokuwa namba zilikuwa zimekuwa ndefu mno na Linux inatimiza miaka 20. Aliyesoma tangazo hakuhangaika. Lugha ya programu ya PHP nayo iliruka kutoka 5 hadi 7 mwaka 2015 bila kupita 6, kwa kuwa kazi ya 6 ilikuwa imeanza miaka mingi nyuma, ikaachwa, na jina hilo tayari lilikuwa limechapwa vitabuni. Hiyo ni sababu inayoeleweka. «Mwenzetu ana 5» si sababu.

Mwambie bosi pia kwamba kuna wateja wanaoogopa namba ikirukaruka. Lugha ya programu ya Python ilipotoka 2 kwenda 3 mwezi Desemba 2008, mabadiliko yalikuwa ya kweli na ya kuvunja, na ile ya 2 iliendelea kutunzwa mpaka ilipofungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Zaidi ya miaka 11. Mhasibu aliyewahi kupitia kuhama kwa namna hiyo akiona 2.6 imekuwa 5, atasogeza usasishaji mbele mpaka apate nafasi. Na ripoti zenu mbili nzuri zitakaa bila kusomwa na mtu.

Baada ya 1.9 ni 2.0 au 1.10? Tumebishana ofisini.
*Wa Kitengo cha Majaribio*

1.10. Nukta hapo hutenganisha namba na namba. Si ya desimali. Kwa hiyo 1.10 iko mbele ya 1.9, na 2.0 inangoja sababu yake.

Lakini ubishi wenu una maana, kwa sababu hata programu hukosea hapo. Python 3.10 ilipotoka Oktoba 2021, programu zilizokuwa zinachukua herufi tatu za mwanzo za namba ya toleo zilisoma 3.1. Kabla yake, 2009, kivinjari cha Opera kilipofika 10, kililazimika kujitambulisha kwa tovuti kama 9.80, kwa sababu tovuti nyingi zilikuwa zinasoma tarakimu moja tu na kukiona kama toleo la 1. Kwa hiyo jaribuni mapema msimbo wenu unaolinganisha matoleo, mkiupa 1.9 na 1.10, muone upi unauweka mbele.

Ninayemjua aliyekusudia desimali kweli ni Donald Knuth na TeX, programu yake ya kupanga maandishi kwa uchapaji. Kila toleo linaongeza tarakimu moja kuelekea pai. La 2021 ni 3.141592653. Ameagiza kwamba akifariki namba iwe π yenyewe, na hitilafu zitakazokuwa zimebaki zisiguswe tena. Inafaa kwa programu ambayo mwenyewe ameamua isibadilike. Ya kwenu bado inakua.

Kwa nini nisitumie tarehe tu, kama Ubuntu?
*Mpenda Kalenda*

Tumia, kama unachotoa ni kitu kizima kwa mtumiaji wa mwisho na unakitoa kwa ratiba. Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, toleo lake la kwanza ni 4.10, yaani Oktoba 2004, na mtu anajua papo hapo ina umri gani. Ratiba ikiteleza, namba inateleza nayo: ile ya Aprili 2006 ilichelewa ikatoka Juni, ikawa 6.06. Kwa maktaba nakushauri usifanye hivyo. Tarehe haisemi kama kuna kitu kimevunjika.

Nimetoa 3.2.0, baada ya saa moja nikaona hitilafu. Naweza kubadilisha faili kimyakimya, namba ibaki ileile?
*Mwenye Haraka*

Hapana. Walioipakua ndani ya saa hiyo watakuwa na 3.2.0 yao, wengine watakuwa na nyingine, na wakikuletea malalamiko hutajua unazungumzia ipi. PyPI, ghala la maktaba za Python, haitakubali upakie tena faili lenye jina lilelile, na npm haitakurudishia namba iliyokwisha kutumika hata ukiifuta. Toa 3.2.1 sasa hivi, na juu kabisa ya orodha ya mabadiliko andika kwamba 3.2.0 isitumike na kwa nini.