Akinipigia honi, si ameshaniona?

SWALI: Naendesha boti ya faiba ya uvuvi kati ya Kigamboni na Feri, hapa Dar es Salaam. Wenzangu husema meli kubwa ikiingia bandarini huenda taratibu, hivyo ukikata mbele yake nahodha atapiga rivasi. Na akipiga honi ujue keshakuona, wewe pita. Ni kweli? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na aliyekufundisha hivyo anakutafutia kifo. Maneno haya nayasikia kila nikishuka Feri, na yananichosha.

Tuanze na hiyo rivasi. Usukani wa meli unaitika kwa sababu propela inausukumia maji. Ukizungusha propela kinyume, maji yale yanakatika, na usukani unabaki bati tu. Tena kwenye meli nyingi za propela moja, ukirudisha nyuma, tezi (nyuma ya meli) inavutwa kushoto na omo (mbele ya meli) inaangukia kulia. Mlango wetu wa bandari ni mwembamba: nahodha akifanya hivyo pale anaweza kuipandisha meli kwenye maji mafupi, na bado isisimame kabla ya kukufikia. Ndiyo maana rubani wa bandari, yule anayeongoza meli kuingia, hubakiza kasi ya kutosha ili meli iitike usukani. Unaiona taratibu kwa sababu ni kubwa. Meli inayokwenda maili 6 za baharini kwa saa inakula mita 185 kila dakika. Injini yako ikizimika mbele yake, utavuta kamba ya kuwashia mara ngapi katika dakika hiyo?

Na huenda hakuoni kabisa. Sheria za kimataifa zinaruhusu maji yaliyo mbele ya omo yasionekane kutoka chumba cha usukani hadi urefu wa meli mara mbili, au mita 500, kutegemea kipi ni kifupi. Kwa meli ya mita 200, hizo ni mita 400.

Honi nayo ina lugha yake. Mlio mmoja mfupi: nageuka kulia. Miwili: kushoto. Mitatu: injini inarudisha nyuma, ingawa meli yenyewe inaweza kuwa bado inakuja mbele. Mitano au zaidi: sielewi unachofanya, au naona hatari. Hakuna mlio hata mmoja wa kukwambia kata mbele yangu. Kanuni za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinakataza chombo cha chini ya mita 20 kuizuia meli isiyoweza kupita salama nje ya mkondo mwembamba.

Kinachoniudhi zaidi ni hawa walimu wa vijiweni, wanaomkabidhi kijana boti yenye abiria ufukweni baada ya asubuhi moja ya kumwonyesha gia. Chuo cha bahari tunacho hapa hapa Dar es Salaam. Wewe mwenye boti, mpeleke kijana wako akasome kabla hujampa watu wa kuvusha.

Kwa safari yako ya kesho: meli ikiwa inakuja, subiri pembeni ipite, kisha vuka nyuma ya tezi, mbali na maji yanayochemshwa na propela. Usiku washa taa, na jaketi la kuokolea livaliwe mwilini, lisikaliwe kama mto.