Snaki za oganiki za mtoto, ni lazima kweli?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nakaa Leicester huku Uingereza, mwanangu ana miezi 10. Kila nikienda supamaketi nabeba vile vijiti vya mahindi na karoti vya Organix, maana vimeandikwa oganiki, yaani vya kilimo kisichotegemea dawa za viwandani, na dogo anavipenda balaa, ila hela inakatika. Sasa mama mkwe kaja toka Tanga anasema nachezea pesa, mtoto apewe uji na kiazi. Nani yuko sahihi? – Mama R.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, ila kwa hili mkwe kakuzidi kidogo.

Kampuni yenyewe si ya kubahatisha, aliianzisha mama mmoja hukohuko Uingereza mwaka 1992, Lizzie Vann, na hilo neno oganiki mtu hajipachiki tu, lazima akaguliwe. Lakini linakwambia karoti imelimwaje, halikwambii mtoto anapata nini. Geuza pakiti usome, vitu vinapangwa kwa uzito, mahindi ndo ya kwanza, karoti yenyewe ya unga. Halafu weka kijiti kimoja kwenye ulimi usitafune, uone kinavyoyeyuka chenyewe, na huyo wa miezi 10 ndo kwanza anatakiwa ajifunze kutafuna! NHS, huduma ya afya ya serikali hukohuko, wanasema chini ya mwaka mtoto hahitaji snaki, akilia njaa kabla ya mlo muongezee maziwa.

Kama unachoogopa ni madawa ya shambani, sheria ya huko inabana chakula chote cha watoto wachanga kiwe oganiki kisiwe, dawa nyingi mabaki yake hayaruhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo. Na mwaka 2021 kamati ndogo ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti ya sumu ya arseniki na madini ya risasi kwenye vyakula vya watoto, vya oganiki vimo, maana mpunga unanyonya arseniki iliyoko ardhini na majini wala haujui cheti ni nini. Kwa hiyo snaki za mchele usimpe kila siku.

Ila na mkwe asivimbe kichwa. Huo unga wa lishe aliokuja nao kwenye begi kama una mahindi na karanga za siku nyingi uangalie vizuri, ukinuka ukungu mwaga, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Ukiwa mzima basi asubuhi uji, mchana kiazi kitamu kilichoiva kikalainika, kata kirefu kama kidole ashike mwenyewe, we kaa naye hapo usiende jikoni. Pakiti moja ya vijiti iache kwenye mkoba, ya kumnyamazishia kwenye basi.