Maji ya Mkanda yalivyonifunza kuandika programu

Vijana wenzangu wa hapa Lamu wakijua kwamba naandika programu, huniuliza swali lile lile: nianze na lugha gani? Mimi nami huwauliza: hiyo programu ataitumia nani? Wengi hunyamaza. Siwacheki, maana hata mimi nilinyamaza karibu miaka miwili, nikianza mambo na kuyaacha njiani. Nilianza na mchezo wa bao, mashimo 32 na kete 64, nikidhani kazi yote ni kugawa kete. Namua, ile sehemu ya kwanza ya mchezo, niliimaliza kwa wiki. Takasa, yaani kucheza bila kula kete za mwenzako, ikanitoa jasho, na mpaka leo faili limelala. Nikatengeneza kikokotoo, kisha daftari la madeni. Hakuna aliyevitaka, hata mimi mwenyewe.

Aliyenitoa huko ni mjomba. Ana mashua ya mashine, hupeleka mizigo Faza, kisiwani Pate, na njia yake ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, Mkanda hugeuka tope na mizizi ya mikoko, kwa hivyo safari hupangwa kwa maji, si kwa saa ya ukutani. Yeye hesabu anayo kichwani: hutazama tarehe ya mwezi mwandamo, akijua kwamba kila siku maji huchelewa dakika kama 50. Nikajiambia, hii si hesabu tu? Kompyuta itaifanya.

Data nilizipata kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Chuo Kikuu cha Hawaii hutunza vipimo vya usawa wa bahari vya bandari nyingi duniani, na Lamu imo, saa kwa saa. Nikatumia lugha ya Python pamoja na NumPy, maktaba ya hesabu, yaani programu zilizokwisha kuandikwa ambazo unaziazima ndani ya yako. Kazi yenyewe ni hivi: mwezi hutuletea wimbi kila baada ya saa 12 na dakika 25, jua kila baada ya saa 12 kamili. Mawimbi hayo mawili yakipandiana ni bamvua; yakipingana ni maji mafu. Yapo mengine madogo madogo, lakini ukiyajumlisha kama manane hivi unapata mstari unaofanana na bahari. Programu inatafuta tu kila wimbi lina ukubwa gani na lilianza lini. Kuna maktaba zilizokwisha kuandikwa za kazi hii, na ungeweza kuchukua moja ukamaliza jioni ile ile. Mimi nashauri uiandike mwenyewe kwanza, hata ikiwa mbovu, ndipo uchukue ya wenyewe.

Yangu ilikuwa mbovu. Mchoro ulipendeza, nikamwonyesha binamu yangu, naye akaamini. Siku ya bamvua programu ikasema maji yatajaa saa saba mchana. Tukatoka na mashua ndogo, tukafika Mkanda saa saba, tukakwama kwenye tope. Bahati yetu maji yalikuwa yakijaa, si yakipwa. Tulikaa juani zaidi ya saa nzima, tukigawana chupa moja ya maji, mpaka mashua ikaelea yenyewe. Binamu hakunisemesha mpaka tulipofika gatini.

Jioni mjomba akanitazama, akasema, “Mwanangu, bamvua hapa maji hujaa saa kumi. Hilo hata mtoto wa chuoni ayua.”

Saa kumi. Mimi saa saba. Tofauti ni saa tatu kamili, na kosa la saa tatu kamili Afrika Mashariki lina sababu moja: vipimo viliandikwa kwa saa ya Greenwich, nami sikuongeza tatu. Tatizo halikuwa hesabu ya mawimbi niliyokesha nayo. Lilikuwa mstari mmoja ambao sikuutilia maanani. Kwa hivyo, kabla ya kumpa mtu programu yako, tafuta jambo moja ambalo wazee wanalijua bila mashine, uipime nalo. Ningemuuliza mjomba swali moja tu, tusingekaa juani.

Nikarekebisha, likazuka la pili. Niliandika “Alhamisi, saa mbili usiku”. Kwa kompyuta siku hubadilika usiku wa manane. Kwa mjomba hubadilika jua likitua, na usiku wa Alhamisi kwake umeshapita jana. Vitabu vyote nilivyojifunzia vinaonya kuhusu tarehe, hakuna kinacholitaja hili. Sasa programu huandika “usiku wa kuamkia Ijumaa”, na hakuna anayeuliza.

Halafu simu. Nilikuwa nimetengeneza ukurasa mzuri wenye rangi za bahari, na mjomba ana kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyoweza kuufungua. Nikafikiria kumtumia ujumbe kila siku. Gharama ikanikatisha tamaa. Mwishowe programu hutoa ukurasa mmoja kwa mwezi mwandamo, naupiga chapa dukani Langoni, tunautia kwenye karatasi ya nailoni na kuufunga karibu na usukani. Miezi minne ya kazi imeishia kwenye karatasi. Mwanzo niliona haya kuwaambia wenzangu. Haya hayo yamekwisha, kwa sababu ndiyo kazi yangu pekee ambayo mtu huidai ikichelewa.

Jambo moja la haraka: tumia Git, programu inayotunza kila badiliko la kazi yako, tangu siku ya kwanza, na uweke nakala mbali na nyumbani. Chumvi ya hapa hula kompyuta kama ilavyo misumari, na yangu ilizima bila kuaga.

Hivi karibuni nimegundua mjomba huandika kwa kalamu pembeni ya karatasi. Kipimo cha bahari nilichochukua data zake kiko Lamu mjini, na Mkanda maji hayafiki wakati ule ule. Basi yeye huandika tofauti aliyoiona, na kusi likivuma sana huandika hilo pia. Nimeshapata karatasi tatu, na tofauti hizo nimezitia kwenye programu. Ya nne iko naye chomboni. Amesema nisubiri arudi kutoka Faza.