Maswali yenu: kombora lilijuaje njia?

Kabla ya kompyuta, kombora lilijuaje kwamba limefika?

Lilihesabu. Mwaka 1918, huko Dayton, Ohio, Charles Kettering aliunda kindege kisicho na rubani, cha mbao na karatasi, chenye kilo 82 hivi za vilipuzi. Kabla ya kukirusha, mafundi walipima upepo na umbali, wakapiga hesabu injini izunguke mara ngapi hadi shabaha. Idadi ikitimia, injini inazimika, bolti za mabawa zinachomoka, mabawa yanabanduka, na kiwiliwili kinaporomoka na mzigo wake. Vita viliisha Novemba mwaka uleule kabla hakijatumika.

Na kunyooka angani je?

Umewahi kucheza pia, ile ya kuzungusha chini? Ikizunguka kwa kasi hukataa kulala. Jairoskopu ni hivyo hivyo: gurudumu zito linalozunguka na kung'ang'ania uelekeo wake. Chombo kikiyumba lenyewe haliyumbi, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuza usukani. V-1 ya Wajerumani (bomu lenye mabawa, lisilo na rubani), iliyoanza kuipiga London Juni 1944, ilitegemea jairoskopu pia. Puani ilikuwa na propela ndogo isiyosukuma chochote. Ilizungushwa na upepo tu ili kuhesabu umbali. Miaka 26 baada ya Kettering, bado ni kuhesabu! Ndiyo maana haikuweza kulenga jengo. Ililenga jiji zima, na watu wake wote.

Ni kweli njiwa walifundishwa kuongoza bomu?

Kweli. Katika Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner aliwafundisha kudonoa picha ya shabaha kwenye kioo. Picha ikihama, midomo inaifuata, na usukani unafuata midomo. Njiwa walijifunza vizuri, lakini mradi ulifutwa 1944.

V-2, roketi ya kivita ya Wajerumani, ndiyo mama wa roketi za mwezini. Mbona huisifu?

Uhandisi wake naukubali. Tarehe 3 Oktoba 1942 ilipaa vizuri kutoka Peenemünde, kituo cha majaribio huko Ujerumani, na Wernher von Braun aliyeiongoza kazi hiyo ndiye baadaye aliyesimamia Saturn V, roketi ya Wamarekani iliyopeleka watu mwezini. Ila V-2 ziliunganishwa ndani ya mahandaki na wafungwa wa Mittelbau-Dora, kambi ya mateso ya Wanazi. Miezi ya mwanzo walilala humo humo, kwenye vumbi la mawe, bila kuona jua. Kati ya wafungwa 60,000 hivi waliopitia kambi hiyo, takriban 20,000 walikufa. Ni wengi kuliko waliouawa na V-2 zilipoanguka.