Plato na demokrasia: ugomvi ulianzia wapi

Ndugu, umeuliza kama Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliichukia demokrasia kwa sababu tu alizaliwa kwenye ukoo wa wakubwa. Ukoo ulikuwa wa wakubwa kweli, lakini jamaa zake hao hao ndio waliomchefua kwanza. Mwaka 404 KK Critias, ndugu wa upande wa mama yake, aliongoza wale watawala Thelathini walioshika nafasi ya demokrasia Athens, mji wa Plato, na damu ikamwagika. Demokrasia ikarudi, na mwaka 399 KK ikamhukumu mwalimu wake Socrates anywe sumu. Utamlaumu?

Kwenye kitabu chake Jamhuri anaifananisha dola na chombo baharini. Mwenye chombo, yaani wananchi, ni pande la mtu, ila sikio zito na macho hafifu. Mabaharia wanagombea usukani, hakuna aliyejifunza unahodha, na anayejua kusoma nyota wanamwona mpiga soga tu. Sisi tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Shida ya Plato si wingi wao, ni kwamba kazi hawaijui.

Haki kwake ni kila mtu kufanya kazi yake bila kuingilia ya mwenzake. Hata ndani ya nafsi: akili itawale, hamasa iisaidie, tamaa itulie. Hapo mimi ananipoteza, maana nani atamdhibiti huyo mwenye akili? Yeye aliegemea elimu ndefu, mtu ashike uongozi akifika miaka 50.

Ila usimwite mpenda madikteta. Katika mpangilio wake wa tawala, udikteta uko mkiani kabisa, chini ya demokrasia.