Kabla ya kununua santuri ya roki iliyosahaulika, uliza ilisahaulikaje

Wanaoanza kukusanya santuri za roki zilizosahaulika huniomba orodha: majina ya bendi, miaka, kampuni. Orodha siwapi. Ninawapa swali la kuuliza kila wanaposhika santuri wasiyoijua: hii ilisahaulikaje? Anayejua jibu la swali hilo anajua pa kuitafuta, anajua aitarajie katika hali gani, na mara nyingi anajua kama ni muziki mzuri uliokosa bahati au ni kazi dhaifu inayouzwa ghali kwa sababu tu nakala zake ni chache. Uchache peke yake hauna ladha sikioni.

Chukua santuri zilizoangushwa na usambazaji. Bendi ya Big Star ilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1972, wahakiki wakaisifu, lakini aliyekwenda dukani kuitafuta hakuikuta, maana mzigo haukufika. Rodriguez, mwimbaji wa Marekani, alitoa santuri ya Cold Fact mwaka 1970 kupitia kampuni ya Sussex. Marekani karibu hakuna aliyeinunua, na kampuni yenyewe ikafungwa mwaka 1975. Wakati huohuo Afrika Kusini na Australia nyimbo zake zilikuwa zikipigwa majumbani kama za nyota mkubwa, bila mwenyewe kunufaika na sifa hizo kwa miaka mingi. Somo hapa ni la vitendo: kama unataka kusikiliza santuri ya enzi hizo na toleo la kwao limekuwa adimu, angalia ni nchi gani iliipenda. Toleo la huko linaweza kuwa jingi zaidi na kutunzwa na watu walioithamini.

Nyingine zilizimwa kabla hazijawaka. Ndugu watatu wa familia ya Hackney, kutoka Detroit, waliunda bendi iliyoitwa Death na kurekodi nyimbo saba mwaka 1975, kwa kasi na hasira ambayo baadaye ingeitwa panki. Clive Davis, bosi wa kampuni kubwa, aliwataka wabadilishe jina. Wakakataa, na mpango ukafa. Mwaka 1976 walitoa wenyewe, bila kampuni, santuri ndogo ya nyimbo mbili, nakala 500. Nyimbo zote saba zilikuja kutoka kwa pamoja mwaka 2009. David, kaka aliyeshikilia jina lile lisiguswe, alikuwa ameshafariki mwaka 2000. Kila ninapoisikiliza nafikiria ni bendi ngapi zingine ziliishia kwenye nakala chache za namna hiyo bila mtu wa kuziokoa.

Halafu kuna za kujichapishia, ambazo ndizo roho ya ukusanyaji huu. Uingereza, kabla ya mwaka 1973, aliyechapisha nakala zisizozidi 99 hakutozwa kodi ya mauzo, kwa hiyo bendi nyingi za mitaani zilichapisha 99 au pungufu zikagawia marafiki. Dark, bendi ya Northampton, walichapisha santuri yao ya mwaka 1972 kwa nakala sitini na kitu tu. Marekani kulikuwa na viwanda vilivyomchapishia yeyote mwenye hela yake: kwaya, bendi ya shule, vijana wanaofanyia mazoezi ya muziki gereji. Century na Rite ni majina ya kuyakariri. Ukikuta jalada la kawaida kabisa, la mapambo machache, lina jina la kiwanda cha aina hiyo, usilipite hata kama waliomo hujawahi kuwasikia. Sana sana kwa sababu hujawahi kuwasikia.

Lakini kama ningeambiwa nimshauri mtu aanze na kona moja tu ya dunia, ningemwambia Zambia. Miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua gitaa linalokoroma kwa fazi, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi kwa kifaa, wakachanganya na midundo ya kwao na mashairi ya Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na ukazaliwa muziki unaoitwa Zamrock. Rais Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia, na fedha ya shaba ilikuwa bado inazunguka mijini. WITCH wakiongozwa na Emmanuel "Jagari" Chanda, Musi-O-Tunya, Paul Ngozi, Rikki Ililonga, Amanaz: hawa hawakuwa wakiiga wazungu. Sikiliza Africa ya Amanaz, ya mwaka 1975, utasikia huzuni na utulivu ambao bendi za London hazikuwa nao.

Zamrock ilizimikaje? Bei ya shaba ilianguka katikati ya muongo, hela za starehe zikakauka, disko likaingia, na santuri hazikuwa na njia ya kutoka nje ya nchi kwa wingi. Baadaye UKIMWI ukawaondoa wanamuziki wengi wa kizazi kile. Sasa tumia jibu hilo ukiwa mnunuzi. Nakala za mwanzo zilichapishwa chache, zikapigwa kwenye sherehe usiku kucha kwa sindano zilizochakaa, na chache zikabaki. Kwa hiyo nakala ya mwanzo ikijitokeza, ujue karibu hakika imechoka, na bei yake haihusiani na namna itakavyolia. Kwa Zamrock mimi husema bila kusita: nunua toleo jipya lililofanywa kwa ruhusa ya wenyewe au familia zao. Kampuni ya Now-Again imefanya kazi kubwa hapa; kwa Amanaz imetoa matoleo mawili ya mchanganyiko wa sauti yaliyokuwepo tangu mwanzo, moja lenye mwangwi na moja kavu. Mimi napenda lile kavu, ngoma zinakaa karibu zaidi.

Tuje kwenye kitu chenyewe mkononi, maana hapa ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na jalada. Kona iliyokatwa, tundu dogo lililotobolewa au mkato wa msumeno ubavuni mara nyingi maana yake ni kwamba santuri ilishindwa kuuzika ikarudishwa na kutupwa sokoni kwa bei ya hasara. Wauzaji huuchukulia mkato huo kama kasoro ya kupunguza bei. Mimi huuchukulia kama dalili njema, kwa sababu unakuambia umeshika kitu ambacho dunia ilikipita. Kisha toa santuri, ishike kwa kingo, iinamishe chini ya taa moja kali na uizungushe polepole. Michirizi myembamba kama nywele, inayoonekana kwa pembe moja tu ikapotea ukiinamisha, kwa kawaida haisikiki. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake utausikia ukigonga kila baada ya sekunde 1.8, maana huo ndio muda wa mzunguko mmoja kwa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika. Cha kuogopa zaidi ni rangi ya kijivu ndani ya mifereji, hasa karibu na lebo, ile karatasi ya katikati: hayo ni makovu ya sindano nzito, na hakuna sabuni itakayoyaondoa. Angalia pia mistari midogo kuzunguka tundu la katikati, iliyoachwa na watu waliokuwa wakitafuta kijiti cha mashine gizani. Ikiwa mingi, santuri ilipigwa sana, hata kama uso unang'aa.

Baada ya hapo soma ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Namba zilizochongwa pale ndizo cheti cha kuzaliwa cha santuri. Jalada linaweza kubadilishwa, lebo inaweza kuchapishwa upya, lakini namba hizo zilitoka kwenye bamba lililoichapa. Pembetatu ndogo na namba zake huonyesha kiwanda cha Monarch cha Los Angeles. Neno "Porky" ni saini ya George Peckham, fundi Mwingereza wa kuchonga santuri, na nikiliona najua sauti itakuwa na nguvu. Linganisha namba hizo na picha za kwenye Discogs, tovuti ya kumbukumbu za santuri, kabla ya kutoa hela. Kama muuzaji yuko mbali, mwombe apige picha ya ukanda huo. Anayekataa bila sababu, achana naye. Toleo la magendo mara nyingi hujifichua papo hapo: picha ya jalada imefifia kwa sababu ilinakiliwa kutoka jalada jingine, maandishi madogo yana ukungu, na namba hazifanani na za mtu yeyote.

Tahadhari na santuri ndogo za Marekani. Nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hazikuchapwa kwa vinili bali kwa polistaireni, plastiki ngumu na nyepesi inayochakaa haraka. Inaweza kuonekana mpya kabisa ikalia kama upepo kwenye mabati. Kwa hizo usinunue bila kusikiliza. Na daraja la VG ("Very Good", nzuri sana) katika mizani ya wauzaji bado lina kelele za kusikika. Kwa roki ya fazi inavumilika, kwa nyimbo tulivu hapana.

Kuhusu vifaa sina mengi. Sindano nzima, uzito kati ya gramu 1.5 na 2 au kadiri mtengenezaji alivyosema, maji yaliyochujwa na tone la sabuni isiyo na manukato, kitambaa laini kifuatacho mzunguko wa mifereji, na lebo isiguswe na maji. Santuri zisimame wima, mbali na jua. Mifuko ya zamani ya plastiki ya PVC itupe, inaacha ukungu usiotoka.

Njia yangu ya kupata santuri mpya ni kusoma mgongo wa jalada. Ninapopenda kitu, naandika jina la fundi mitambo, studio, mpiga besi, hata mchora jalada, halafu natafuta kazi nyingine za watu hao. Waimbaji huvuma na kupotea, lakini fundi wa studio ndogo alirekodi kila bendi ya eneo lake, na sikio lake limo katika zote. Santuri ninazozipenda kuliko zote zilinijia kupitia majina ya watu ambao hawakuwahi kushika kipaza sauti.

Na ukipata ile ambayo haimo katika kumbukumbu yoyote, usiifungie kabatini. Piga picha lebo zote mbili, andika namba za ukanda ule, uiingize Discogs ili mwingine aweze kuilinganisha. Inakili kwa dijitali ikiwa safi, kwa ubora wa juu, bila kuondoa kelele kwa programu, kwa sababu kanda kuu, yaani rekodi za awali za studio, za bendi nyingi hizi zilipotea au kufutwa, na baadhi ya matoleo mapya unayoyasikia leo yalitengenezwa kutoka nakala moja ya santuri iliyotunzwa vizuri. Kisha tafuta majina yaliyo nyuma ya jalada. Baadhi ya waliorekodi miaka ya 1970 bado wako hai, na wapo ambao hawana hata nakala ya kazi yao wenyewe. Watumie rekodi uliyonakili kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote.